Mwaka Niliosifiwa Adabu

Mimi adabu sikuwahi kuwa nayo, na nalisema hili mapema ili mtu asije akanisifia bure. Nilizaliwa na macho makavu. Ndivyo alivyosema baba, na kijiji chote pale kwenye rasi yetu, ng'ambo ya maji ukitoka Musoma mjini, kilikubaliana naye. Mtu mzima akisema na mimi nilimtazama usoni mpaka amalize. Kwetu hilo ni tusi. Mtoto wa kike akisema na baba yake anatazama chini, na akipokea kitu kwake anapiga magoti. Magoti nilipiga. Macho ndiyo yaliyonishinda.

"Shusha macho hayo!" baba alikuwaga anafoka. "Unanionaje wewe? Mimi ni rika lako?"

Moyoni nilikuwa najibu kwamba namwona vizuri tu, sasa ugomvi uko wapi. Alinichapa kwa ajili ya hayo macho, na nilipochapwa nilimtazama tena. Mama alisema nitamuua mzee kwa presha.

Basi, mwaka niliotimiza miaka kumi na mitano macho yakashuka yenyewe.

Ilikuwa wakati vitu vinarudi madukani. Tulikuwa tumetoka kwenye ile miaka ya kufulia majani ya mpapai na kupanga foleni ya sukari ambayo hata haipo, na sasa ruksa imekuja, Musoma sokoni kuna sabuni ya kila rangi, kuna mitumba, kuna wanunuzi wa sangara wanashindana kuwahi mwaloni, boti zinaposhusha samaki. Kila mtu alikuwa anakimbia kutafuta kitu. Labda ndiyo sababu hakuna aliyeniangalia vizuri. Au labda waliniangalia, wakaona walichokuwa wanakitaka.

Kilianza kichwa. Kilikuwa kinaniamsha asubuhi, kinagonga kisogoni na nyuma ya macho, natapika, halafu nikishatapika kinapoa na ninaenda shule kama kawaida. Siku ya tatu mfululizo mama alinifuata nyuma ya nyumba, akasimama na kata ya maji mkononi. Maji hakunipa.

"Ni ya nani?" akaniuliza.

"Nini ya nani?"

"Usinichezee mimi. Ni ya nani hiyo?"

Khaa! Mimi ambaye sijawahi hata kushikwa mkono! Nilimwapia kwa majina yote ya mbinguni. Hakuniamini. Alinilinda kama mfungwa mpaka mwezi wangu ulipofika na akaziona nguo zangu kwa macho yake, ndipo akatulia na kunipeleka zahanati. Pale nikaambiwa malaria imepanda kichwani. Nikapewa klorokwini, mwili ukaniwasha usiku na mchana, nikajikuna mpaka ngozi ikachubuka, na kichwa kikabaki palepale. Tulirudi tena, tukapewa tena. Nadhani nilimeza vidonge vya kijiji kizima mwaka ule.

Halafu yakafuata macho. Nitaeleza ilivyokuwa, maana watu wanadhani nilikuwa sioni. Nilikuwa naona. Kilichokuwa kinanigomea ni kuyapandisha. Pembeni yanaenda, chini yanaenda, juu hayaendi. Ukiyaamuru yapande yanatetemeka kidogo na kubaki pale pale. Shuleni ubao ulikuwa juu, kwa hiyo ili niusome ilibidi nirudishe kichwa chote nyuma na kutanguliza kidevu. Mwalimu wa hesabu aliniuliza mbele ya darasa kama nimechaguliwa kuwa malkia. Nikachapwa kwa kuringa.

Nyumbani sikuthubutu kumwinulia baba kidevu. Kwa hiyo nyumbani kichwa kilibaki chini na macho chini. Siku moja nilimpelekea maji ya kunawa, nikapiga magoti, nikatazama miguu yake. Alinawa polepole, kidole kimoja kimoja. Alipomaliza hakusema na mimi, alisema na mama.

"Umemwona? Mtoto amekua."

Haki ya Mungu, nilitaka kulia kwa furaha. Tangu siku hiyo baba akawa mtu mwingine kwangu. Akitoka ziwani aliniita mimi nipokee samaki, si kaka zangu. Kichwa cha sato, ambacho alikuwaga hamwachii mtu, akaanza kunisogezea kwenye sahani yangu bila maneno. Kanisani niliwasikia akina mama wakisema ona yule, alivyokuwa jeuri, Mungu amemgusa. Nilipendwa, jamani. Kwa mara ya kwanza nilipendwa na baba yangu mchana kweupe, watu wakiona.

Kwa hiyo nikanyamaza. Hapo ndipo ninapojikasirikia mpaka leo. Nilijua kuna kitu kimeharibika, maana vitu vilianza kuwa viwili viwili: kuku wawili, milango miwili, mama wawili mmoja juu ya bega la mwenzake. Nilijua kabisa. Lakini ningesema nini? Baba, ile adabu uliyoifurahia si adabu? Nilinyamaza nikala kichwa cha sato.

Sifa zikafika Bunda kwa shangazi, dada yake baba, aliyekuwa anakaa Nyasura na ambaye kazi yake kubwa duniani ilikuwa kuozesha watu. Alikuwa amepata familia moja huko Butiama, watu wenye shamba na ng'ombe, wanamtafutia kijana wao mke mwenye heshima. Baba alisema nimalize kwanza darasa la saba. Shangazi akasema kutazamwa hakukatishi shule. Wakaja wazee watatu na kijana mwenyewe.

Nilizunguka na birika na bakuli nikiwanawisha, magoti chini. Kwa mzee wa kwanza niliona mikono minne. Nikamimina kwenye mikono isiyokuwepo na maji yakamwagika juu ya suruali yake. Nilingoja nitukanwe. Mzee akacheka, akasema, "Ana haya huyu, anatetemeka." Wote wakafurahi.

Nilipofika kwa kijana nikataka kumwona. Jamani, si ni haki yangu? Mtu anataka kunioa, nisimwibie hata jicho moja? Niliona viatu vyake, raba nyeupe za mtumba zenye mstari wa bluu. Niliona magoti. Niliona mikono, ilikuwa misafi, kucha zimekatwa. Nikayaamuru macho yapande. Hayakupanda. Nikayaamuru tena kwa hasira, nikisukuma kwa ndani, na kichwa kikanigonga hadi nikakaribia kumwangukia. Uso wake sikuuona. Hata leo nikikutana naye sokoni sitamjua.

Walipoondoka wazee walimshika baba mkono, wakamwambia, "Binti hakuinua macho hata mara moja." Mimi nilikuwa jikoni naosha vyombo, mwili unanitetemeka kweli sasa. Hapo ndipo nilipoogopa. Kutapika hakukuwa kumenitisha, lakini hili la kushindwa kuona uso wa mtu aliyekaa hatua moja kutoka kwangu lilinitisha.

Mwezi uliofuata shangazi alikuja kunichukua nikawasalimie wakwe watarajiwa. Tulipanda gari Musoma, tukashuka Kiabakari kungoja usafiri wa kwenda Butiama. Shangazi aliona ndizi nzuri, akaniambia nisogee. Nilisogea, na bati la kibanda cha muuza ndizi likanipasua paji la uso. Lilikuwa limetokeza pale, kila mpita njia analiinamia, hata watoto.

"Ala! Huoni wewe?" shangazi akapiga kelele.

Damu inatiririka hadi puani, watu wamejaa, na mimi nikaanza kucheka, sijui kwa nini. Nikamwambia, "Juu sioni, shangazi."

"Juu huoni vipi?"

"Hakuna juu."

Shangazi alikuwa mpenda ndoa lakini hakuwa mjinga. Aliwaza biashara yake kwanza, nampa haki yake: alisema siwezi kumpeleka mchumba kipofu nikaaibishwa, twende Bunda ukapimwe miwani. Wiki ile madaktari wa macho walikuwa wamekuja kanisani pale mjini, wamepanga meza chini ya turubai. Butiama hatukufika. Sijafika kwa wale watu mpaka leo.

Aliyenipima alikuwa mwanamume mfupi, mchovu, mwenye shati lililotoka jasho kwapani. Alikuwa amepima watu tangu asubuhi na hakutaka maneno. Aliinua kalamu mbele yangu.

"Fuata hii. Kulia. Kushoto. Chini. Juu."

Nikainua kidevu.

"Macho tu, binti. Kichwa acha."

Nikainua kidevu tena, bila kupenda. Akaweka kalamu mezani, akanishika kidevu kwa mkono mmoja, si kwa ukali, akakibana pale pale. "Haya. Juu." Nikajaribu. Nilihisi macho yanacheza cheza, yanarudi ndani. Aliacha kuwa mchovu. Alichukua tochi yake yenye kioo, akaja karibu hadi nikasikia pumzi yake, akachungulia jicho hili na lile, akarudi kwa la kwanza.

"Mama," akamwita shangazi, "huyu binti haangalii juu."

"Ana adabu huyo," shangazi akajibu kwa fahari. "Ndivyo alivyo. Watu wanakuja toka mbali kwa ajili hiyo."

"Mama yangu, adabu haifungi macho. Mimi nimemwamuru aangalie na nimemshika kidevu. Hawezi." Akashusha sauti, lakini mimi nilikuwa pale pale, nilisikia yote. "Kuna kitu kinakandamiza ubongo kwa nyuma, na maji yamejaa kichwani. Nyuma ya macho kumevimba. Akiendelea hivi atapofuka, halafu atalala asiamke. Mtafuteni baba yake leo. Miwani hapa hakuna."

Shangazi alikaa chini kwenye nyasi na kitenge chake kipya.

Siku zilizofuata sikumbuki kama niliketi mahali. Baba alikuja Bunda, akanirudisha Musoma hospitali kuchukua barua ya rufaa. Siku ya kwanza mwenye muhuri hayupo, ya pili tukaambiwa tulete karatasi zetu wenyewe maana karatasi zimekwisha. Mimi natembea ukumbini naenda narudi, siwezi kutulia, nikikaa naona nalala na nikilala naona siamki. Nesi akaniambia nikae. Nikamwambia, "Kaa wewe." Baba alinisikia. Hakunifokea. Hilo lilinitia hofu kuliko maneno ya mpima macho.

Daktari wa Musoma alisema Dar ni mbali, na kipimo kinachotakiwa, cha kupiga picha ya ubongo, kipo Nairobi. Baba aliuza mashine ya boti. Hakuniambia, niliambiwa na mama wakati ananifungia nguo. Tukapanda basi la Sirari, tukavuka mpaka, baba amevaa koti la kanisani na kofia yake ya ziwani, anashika ile barua kwa mikono yote miwili safari nzima.

Daktari mpasuaji wa Nairobi alikuwa mtu wa makamo mwenye vidole virefu. Alining'inizia picha zangu kwenye taa ya ukutani. Mimi kuziona ilibidi nirudishe kichwa, na yeye akaziteremsha, akazishika chini, usawa wa macho yangu. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kunifanyia hivyo.

"Weka kidole hapa katikati ya paji la uso," akaniambia, "kingine juu ya sikio. Sasa fikiria vyote viwili vinaingia ndani mpaka vikutane. Hapo katikati kabisa kuna tezi ndogo kama punje ya mahindi. Yako imevimba imekuwa kama zambarau. Imelala juu ya mahali panapoamuru macho kwenda juu. Tena imeziba njia ya maji. Ndiyo sababu ya kichwa."

"Utaitoa?" nikamuuliza.

"Nitajaribu. Kwanza tutaweka mrija kuteremsha maji, utapita chini ya ngozi toka kichwani hadi tumboni. Ukipata nguvu, tunaingia kwa nyuma. Ni ndani sana na mishipa mikubwa ya damu imezunguka. Kuna watu hawakuamka. Nakuambia kwa sababu umeuliza."

Halafu akamgeukia baba, kalamu tayari. "Mzee, aliacha lini kuangalia juu?"

Baba alifikiri. Alikuwa mtu wa kujibu kwa usahihi, na alikuwa amefunga safari yote ile ili ajibu kwa usahihi.

"Alipoanza kuwa na adabu," akasema.

Daktari akasubiri. Hakuandika. Nadhani alifikiri hajasikia vizuri Kiswahili chetu cha bara. Mimi nilikuwa naona kofia tu, mapajani kwa baba, na vidole vyake vikiizungusha, vikiizungusha, halafu vikasimama. Ndipo baba mwenyewe akasikia alichokisema.

"Mungu wangu," akasema. "Mwaka mzima. Nilikuwa nashukuru."

 Mimi nilitaka kumwambia baba, si kosa lako, nami nilinyamaza, nilikula vichwa vya sato. Sikuweza. Kusema kweli nilikuwa na hasira naye, hasira ya kumvunja kitu. Nilitaka atoke nje na kofia yake. Alitoka.

Mrija waliuweka kwanza. Nilipoamka kichwa kilikuwa chepesi hadi nikadhani wamekichukua. Nikacheka, nikaomba ugali. Lakini macho yalikuwa palepale. Siku za katikati ndizo zilikuwa mbaya, maana sasa nilikuwa na akili timamu ya kuogopa. Nilizunguka wodi nikihesabu vitanda, nikigombana na wagonjwa, nikimuuliza kila nesi kama amewahi kuona aliyepasuliwa hapo nilipokuwa napasuliwa mimi. Mmoja akasema ndiyo. Nikamuuliza aliamka? Akasema twende nikakunyoe.

Nilidhani unapasuliwa umelala. Kumbe wananikalisha kitako. Daktari alinieleza kwamba nikiwa nimekaa, ubongo wa nyuma unashuka wenyewe na kumpa nafasi ya kupita, anaangalia kwa kioo kinachokuza. Kichwa kitabanwa kwa vyuma kisicheze.

"Utakaa umeinamisha kichwa," akasema, "kama mtu anayesali."

"Kuinama nimezoea," nikamjibu.

Walinifuata asubuhi. Baba alikuwa mlangoni. Nilimwona raba, suruali, vifungo vya koti mpaka cha tatu. Sauti yake ikasema jina langu. Sikumjibu, nami nilijua kabisa kwamba huenda hilo ndilo la mwisho. Hivyo ndivyo nilivyo.

Niliamka. Kisogo kilikuwa kinauma kama kimepigwa shoka, nikatapika siku mbili, mkono mmoja ukawa haunisikii kwa wiki nzima. Daktari alikuja akakaa kitandani, jambo ambalo manesi hawakulipenda. Alisema ule uvimbe ulikuwa mfuko wa maji na nyama laini, si kansa, ameutoa karibu wote. Nitaishi. Nikamuuliza na macho?

"Yanaweza kurudi. Polepole. Yanaweza kurudi nusu. Hapo mimi kazi yangu imefika mwisho."

Tulirudi nyumbani mimi na kitambaa kichwani. Kutoka Butiama walikuwa wameleta salamu kwamba wanatuombea na kwamba kijana amepata mwingine. Shangazi alilia siku moja, kesho yake akaendelea na kazi. Mimi sikuwa na la kulia, sura yenyewe siijui.

 Baba naye alikuwa anakwenda ziwani kwa kasia sasa, anachelewa kurudi kuliko wenzake. Lakini jioni ya kwanza aliporudi aliniita nipokee samaki. Nilipiga magoti nikanyoosha mikono. Hakuachia. Alishika sato wake kwa ile kamba ya kwenye matamvua, akasimama.

"Leo umefika wapi?" akaniuliza.

Sikumwelewa. Akagonga kifua chake kwa kidole. Nikaelewa. "Kifungo cha tatu," nikasema.

"Sawa." Akaachia.

Ikawa kila jioni, mimi magoti chini, yeye amesimama. Umefika wapi? Kifungo cha pili. Mwezi mzima kifungo cha pili! Kola. Siku nilipofika kidevuni aliguna, akaenda kunyoa ndevu. Wenzake mwaloni walianza kutuangalia, baba na binti wanafanya nini pale, na binti anamkodolea macho mzazi bila aibu. Mmoja akamwambia baba kwamba mtoto ataharibika. Baba akamwambia, "Acha aharibike." Nikafika mdomoni. Hapo nikakwama. Mvua zikaja zikapita, mdomo. Nilikuwa natoka jasho nikisukuma, nasikia uchungu kwenye kovu, na ningali nauona mdomo wa baba tu, ambao nao ulikuwa umeanza kuzeeka pembeni. Nilimwambia basi, baba, tuache, daktari alisema nusu.

 Aliwaita wenzake waliokuwa wanatandaza nyavu, sijui alitaka nini kwao, labda alitaka tu waone. Halafu alishuka. Goti moja, likagoma kidogo, akaweka mkono chini, kisha goti la pili, kwenye matope ya mwaloni, na suruali yake, na sato bado mkononi. Baba yangu akawa amenipigia magoti.

"Haya," akasema, "nione."

Kiswahili chetu hakitenganishi. Sijui kama alikuwa ananiambia nimwone, au alitaka yeye aone. Nilimtazama usoni, macho makavu, mpaka yalipolowa, yangu na yake, na hakuniambia niyashushe.